Skrini ya bei kali haitibu macho ya mtoto

Siku mama alipopokea zamu yake ya upatu, kila mtu katika nyumba ile ya ghorofa ya pili, Mkunazini, alijua fedha zile zinakwenda wapi. Zilikuwa shilingi milioni mbili kasoro kidogo. Kwa mwezi mzima mazungumzo ya baada ya futari za Alhamisi yalikuwa hayo hayo: skrini mpya ya kompyuta, na si skrini yoyote, bali ile inayoitwa OLED. Ami yao, mdogo wake baba, anafanya kazi Dubai na alikuwa anarudi nyumbani kabla ya Ramadhani. Angekuja nayo yeye.

Walioitaka walikuwa wawili. Wa kwanza ni dada mkubwa, miaka 24, anayepiga picha na video za harusi, hasa shughuli za wanawake watupu ambazo mpigapicha mwanamme haingii. Wa pili ni mdogo wake, miaka 14, mwanafunzi wa kidato cha pili na mchezaji hodari wa gemu za mpira na mbio za magari.

Lakini kilichomlainisha baba hakikuwa kazi ya binti wala gemu za kijana. Yalikuwa macho. Kila jioni kijana alilalamika kichwa kinamuuma. Mbele ya skrini yao ya zamani, iliyonunuliwa mtumba Darajani, alikaa uso umeikaribia, akifinya macho kama mtu anayetazama jua.

"Baba, skrini hii inaniua macho," alisema usiku mmoja. "OLED haichoshi macho. Imeandikwa kabisa kwenye boksi."

Baba, karani wa bandarini Malindi, alikuwa na sababu ya kulichukua neno lile kwa uzito. Muhula uliopita ripoti ya skuli ilikuja mbaya. Hesabu, somo ambalo kijana alizoea kupata 70, lilishuka hadi 38. Mwalimu aliandika kwamba mtoto hafuatilii ubaoni. Baba alimwita mvivu mbele ya bibi yake, akaifungia kompyuta kabatini kwa wiki tatu. Maksi hazikupanda, na kijana akawa haongei mezani.

Sasa baba akaanza kujiuliza. Labda mtoto si mvivu. Labda kweli skrini ile mbovu ndiyo iliyomharibu macho, na yeye baba ndiye aliyeinunua kwa kutaka rahisi. Ikiwa ndivyo, basi milioni mbili si nyingi.

Mzazi yeyote angefikiri hivyo. Ndiyo maana inafaa kuijua OLED ni kitu gani hasa kabla ya kuinunua kama dawa.

Skrini nyingi za majumbani na maofisini ni za LCD. Nyuma yake kuna taa inayowaka muda wote, na mbele ya taa hiyo kuna tabaka linalofunguka na kuziba mwanga, mfano wa vibao vya madirisha ya Mji Mkongwe. Hata vibao vikifungwa, mwanga kidogo hupenya. Ndiyo sababu picha ya usiku kwenye skrini kama hiyo huwa na weusi wa kijivu, kama shati jeusi lililofuliwa mara nyingi.

OLED haina taa ya nyuma. Kila nukta ya picha huwaka yenyewe, na panapotakiwa weusi nukta hiyo huzimika kabisa. Teknolojia hii ina msingi katika kazi ya wanasayansi wawili wa kampuni ya Kodak ya Marekani, Ching Tang na Steven Van Slyke, waliochapisha matokeo yao mwaka 1987. Ilianza kuenea kwenye simu, ikafuata kwenye televisheni, na kuanzia mwaka 2022 na 2023 ikaingia kwa nguvu kwenye skrini za kompyuta za wachezaji gemu na za watu wa picha. Huko nje, skrini nyingi za aina hii za inchi 27 huuzwa kati ya dola 500 na 1,000, kabla ya usafiri na ushuru.

Sifa zake ni za kweli. Picha hubadilika haraka mno, kwa muda ulio chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, hivyo mpira ukipigwa kwenye gemu hauachi mkia. Rangi zake ni kali na safi. Kwa dada mwenye kazi ya harusi hilo halikuwa jambo la anasa. Mama wa bi harusi mmoja aliwahi kumrejeshea video nzima, kwa sababu mikono ya mwanawe ilionekana imepakwa rangi moja tu. Ilikuwa na hina na piko. Wekundu wa hina na weusi wa piko ulikuwa umechanganyika kwenye ile skrini ya zamani, na dada alipokuwa akirekebisha rangi alikuwa kama mshoni anayechagua uzi gizani. Ilibidi airudie kazi ile bila ya malipo.

Kwa hiyo dada alikuwa na haja. Suala lilikuwa mdogo wake na macho yake.

Jibu lilianzia Forodhani. Jumapili moja alasiri mama alikwenda na wanawe kupunga upepo. Boti ya kutoka Dar es Salaam ilikuwa inaingia. Mama, kwa mazungumzo tu, akauliza, "Ile boti gani hiyo?"

"Boti ya Dar, mama."

"Naona ni ya Dar. Jina lake?"

Kijana akafinya macho. Akasogea hadi ukingoni mwa ukuta, kama kwamba hatua mbili zingeikaribisha boti. Akasema jina ambalo silo. Dada yake akacheka, akidhani anafanya mzaha. Mama hakucheka. Jina lilikuwa limeandikwa ubavuni kwa herufi kubwa, na yeye mwenyewe alikuwa analiona bila ya shida.

Njiani kurudi akamhoji taratibu. Kituoni unajuaje daladala yako? Kijana akajibu kwamba husubiri wenzake wapande, au hungoja utingo aite. Ubaoni je? "Nanakili kwa jirani." Mwalimu keshambadilishia kiti? "Nilihamishwa nyuma kwa sababu nimekuwa mrefu." Tangu lini? Tangu muhula uliopita.

Mama hakungoja skrini. Siku ya Jumanne baba aliomba ruhusa kazini, wakampeleka kijana kliniki ya macho.

"Shikamoo, dokta."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapo, funga jicho la kulia, nisomee kutoka juu."

Alisoma mistari miwili ya juu. Wa tatu alibahatisha. Daktari akamtia matone ya kutanua mboni, kama inavyofanywa kwa watoto wengi ili kipimo kisidanganye, wakasubiri, akapimwa tena. Jibu likawa miwani ya minus 2.25 jicho moja na minus 2 jicho la pili. Mtoto aliona vizuri kitu kilichokuwa karibu, lakini kuanzia kama nusu mita mbele yake dunia ilikuwa na ukungu. Hakujua kwamba wengine hawaoni hivyo. Watoto wengi hawajui, kwa sababu hawana macho mengine ya kulinganishia.

Baba akauliza lililokuwa moyoni. "Dokta, skrini mbovu ndiyo iliyomfanya hivi? Tunataka kumnunulia nzuri zaidi."

Daktari akamweleza kwamba amegeuza mambo. Kijana hakuharibika macho kwa kukaa karibu na skrini ile. Alikuwa anakaa karibu kwa sababu akiwa mbali haoni. Jicho la mtu asiyeona mbali huwa limerefuka kupita kiasi, na picha inatua kabla ya kufika kwenye ukuta wa nyuma wa jicho. Hakuna skrini inayoweza kulifupisha jicho. Kichwa kuuma nacho kina sababu zake: kufinya macho kutwa, kuinamisha shingo, na kulala saa saba usiku. Halafu kuna ukavu wa macho. Kwa kawaida mtu hupepesa kama mara 15 kwa dakika, lakini akikodolea skrini hupepesa mara tano hadi saba tu. Jicho hukauka, huwasha, huuma. Hilo hutokea kwa skrini ya shilingi laki moja na ya milioni mbili vilevile.

Na maandishi ya kwenye boksi? Mengi huhusu mambo mawili. Moja ni mwanga wa buluu. Chama cha madaktari wa macho cha Marekani kimekuwa kikieleza kwamba hakuna ushahidi kuwa mwanga huo kutoka kwenye skrini unaharibu macho, na hakiwashauri watu kununua miwani maalumu ya kuuzuia. Mwanga mkali usiku unaweza kuchelewesha usingizi, na hilo ni kweli, lakini dawa yake ni kuzima mapema. Jambo la pili ni kumemeta, yaani skrini kuwaka na kufifia haraka kiasi ambacho jicho halitambui. Baadhi ya OLED humemeta, na wapo watu wachache wanaoumwa kichwa kwa sababu hiyo. Kwa hivyo skrini inayonunuliwa kutibu kichwa yaweza hata kukileta.

Karani wa mapokezi alimpa baba kikaratasi cha maelezo ya miwani. Baba akakichukua, akaunyoosha mkono, akarudisha kichwa nyuma ili asome. Daktari akamtazama akacheka. "Na wewe mzee una miaka mingapi?" Alikuwa na 46. Wakaondoka na vipimo viwili: vya mtoto asiyeona mbali, na vya baba ambaye kama watu wengi waliovuka 40 hawezi tena kusoma karibu. Siku zote alikuwa akilaumu simu yake kwamba imefifia.

Nyumbani kesi haikuisha. Bibi alikataa katakata. "Mkimvalisha miwani mtoto huyu sasa hivi, macho yatazoea. Hatoona tena bila ya miwani."

Bibi si peke yake. Imani hii ipo Unguja nzima, na inawanyima watoto wengi haki yao, hasa wasichana wanaoambiwa watakosa wachumba. Miwani iliyopimwa sawasawa hailegezi jicho. Jicho la mtoto huendelea kurefuka anapokua, avae asivae. Tofauti ni kwamba aliyevaa anaona ubao. Mama alimjibu bibi kwa adabu, "Mama, hivi sasa haoni bila ya miwani. Ndiyo maana tunampeleka."

Daktari alikuwa amesema neno jingine ambalo wazazi hawakulitarajia. Aliuliza mtoto anakaa nje saa ngapi kwa siku. Wakatazamana. Asubuhi anatembea dakika 10 kwenye vichochoro vyenye kivuli hadi kituoni. Skuli yuko darasani. Jioni chuoni, kisha nyumbani, kwenye chumba chenye kuta nene za mawe na chokaa na dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani. Nyumba za Mji Mkongwe zilijengwa kufukuza joto, na zinalifukuza kweli, pamoja na mwanga. Mtoto anayeishi kwenye kisiwa kinachochomwa na jua mwaka mzima alikuwa anakua kivulini.

Mwanga wa nje una kazi katika macho ya mtoto. Mjini Guangzhou, China, watafiti walizigawa skuli 12 makundi mawili. Watoto wa darasa la kwanza katika kundi moja waliongezewa dakika 40 za kuwa nje kila siku ya skuli, wengine wakaendelea kama kawaida. Baada ya miaka mitatu, kufikia 2013, waliopata tatizo la kutoona mbali katika kundi la kawaida walikuwa asilimia 39.5. Katika kundi lililotoka nje walikuwa asilimia 30.4. Si muujiza, lakini ni watoto wengi waliookoka kwa kitu kisichouzwa. Wanasayansi wengi wanaamini mwanga mkali wa mchana hulizuia jicho lisirefuke ovyo. Chini ya mwembe tu, mwanga ni mwingi mara kadhaa kuliko wa sebuleni taa zote zikiwa zimewashwa.

Hilo ni muhimu kwetu. Katika miji mikubwa ya Asia Mashariki, vijana wanane kati ya 10 au zaidi humaliza skuli wakiwa hawaoni mbali. Watoto wa Afrika bado wana nafuu kubwa. Lakini makadirio yaliyochapishwa mwaka 2016 yanasema kufikia 2050 nusu ya watu wote duniani watakuwa na tatizo hili, na nafuu yetu itadumu kadiri watoto wetu watakavyoendelea kucheza Mnazi Mmoja na Maisara badala ya kucheza Maisara ya kwenye skrini.

Fedha za upatu zikagawanywa upya. Miwani miwili ilichukua sehemu ndogo. Zilizobaki dada alikopeshwa, azilipe kidogo kidogo katika msimu wa harusi baada ya Mfunguo Mosi. Skrini ikawa yake, ya kazi. Ami alipokuja nayo, ilibidi nyumba nzima ijifunze kuishi nayo.

Kwanza haikuwekwa dirishani. OLED nyingi hung'aa kidogo kuliko LCD picha ikiwa nyeupe tupu, na kioo chake hurudisha taswira ya dirisha. Dada aliiweka kwenye kona yenye kivuli, imeupa mgongo mlango, na hilo lilimfaa mara mbili, kwa kuwa picha za wanawake walioamini mkono wake si za kila apitaye.

Pili, haipendi picha isiyosogea. Nukta zinazowaka muda mrefu mahali pamoja huchakaa kuliko jirani zake na huacha kivuli kisichofutika. Ubao wa matokeo unaokaa pembeni mwa gemu ya mpira kwa saa nne kila siku ni hatari kweli. Watengenezaji wengine hutoa dhamana ya miaka mitatu hata kwa kasoro hiyo, lakini dhamana ya Dubai si rahisi kudaiwa ukiwa Mkunazini.

Tatu ni swichi ya ukutani. Baba ni katika watu ambao hawajasahau umeme uliokatika Unguja Disemba 2009 na kurudi Machi 2010. Tangu hapo, usiku haulali kabla hajazima kila swichi. Skrini hii lakini hujisafisha yenyewe ikiwa imezimwa kwa kitufe huku ikiendelea kupata umeme. Ukiikatia ukutani kila mara, kazi hiyo haifanyiki. Ikabidi inunuliwe stablaiza ya kuilinda na umeme unaorudi kwa kishindo, na baba akaambiwa swichi ile asiiguse mpaka kazi imalizike. Bado hushika ukuta, akakumbuka, akaondoka.

Mzazi mwenye mtoto anayedai skrini ya bei hana haja ya kumkatalia papo hapo, wala kukubali papo hapo. Amsimamishe barazani amsomee namba ya daladala inayokuja. Amuulize anakaa wapi darasani na ananakili kwa nani. Akifinya macho, akisogelea televisheni, au maksi zikishuka ghafla, apelekwe akapimwe kabla ya kuitwa mvivu. Hospitali ya Mnazi Mmoja ina huduma za macho. Skrini yoyote iwe umbali wa mkono ulionyooshwa. Kila baada ya dakika 20, atazame kitu kilicho mbali kama mita sita kwa sekunde 20. Kwa wadogo wenye umri wa miaka miwili hadi minne, Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilishauri skrini isizidi saa moja kwa siku, na wa chini ya mwaka mmoja wasipewe kabisa. Na kila mtoto apate jua.

Kijana bado anachezea ile skrini ya mtumba, baada ya mpira wa Maisara na kabla ya saa tatu usiku. Siku ya kwanza alipoivalia miwani aliitazama kwa muda bila ya kuiwasha gemu. Akaisoma saa iliyo chini pembeni. Akasoma jina la wimbo. Kisha akakivuta kiti nyuma, hatua nzima.

"Kumbe haikuwa mbovu," alisema.

Baba alikuwa mlangoni na miwani yake mpya ya kusomea imening'inia shingoni. Siku ya ripoti alikuwa na maneno mengi. Siku hiyo alisema moja tu, kwamba mvivu hakuwa mtoto, kisha akamwita waende Forodhani wakanywe miwa. Njiani akamsomesha majina ya boti zote zilizotia nanga.